Kwa nini kichwa cha mtu mzima hakifai kusoma EEG ya kichanga

Kazi yetu ni kutafuta, kwa kompyuta, chanzo cha umeme unaorekodiwa na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo kwa elektrodi zinazowekwa kichwani). Ombi tunalopata mara nyingi kutoka wodi za watoto wachanga ni moja: tuonyesheni degedege hili linaanzia sehemu gani ya ubongo. Programu nyingi za kutafuta chanzo cha umeme huja na modeli ya kichwa cha mtu mzima, na njia ya mkato ni kukipunguza hadi mzingo wa sentimita 35. Hatuipendekezi kabisa.

Fuvu la mtu mzima lina unene wa milimita 5 hadi 7 hivi. La kichanga aliyetimiza miezi ni milimita 1 hadi 2, tena lina maji mengi, kwa hiyo umeme hulipenya kwa urahisi zaidi na hautawanyiki sana kabla ya kufika kwenye ngozi. Ukiiwekea programu upitishaji wa fuvu la mtu mzima, takriban 0.01 S/m (siemens kwa mita, kipimo cha urahisi wa umeme kupita), itaona alama iliyojibana mahali padogo na kuamua kwamba chanzo kiko juujuu. Degedege linalotoka ndani huchorwa chini tu ya fuvu.

Kazi kubwa iko kwenye utosi. Ule wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18, na hadi hapo pana utando tu, bila mfupa. Modeli ya kawaida ya tabaka tatu zilizofungwa haiwezi kuuonyesha uwazi huo. Sisi hukigawa kichwa chote katika vipande vidogo sana, kila kimoja na upitishaji wake: ngozi, mfupa, utosi na maungio, majimaji ya ubongo (1.79 S/m), kisha ubongo wenyewe. Mahali pa hatari ni fuvu: kwenye picha yenye vokseli (chembe za picha za pande tatu) za milimita 1 hutoboka ovyo, na umeme wa hesabu huvujia pasipo na tundu. Kila slaisi hukaguliwa kwa macho.

Tutumieni MRI (picha ya ubongo kwa sumaku) ya aina ya T2, kwa kuwa myelini, yaani mafuta yanayofunika nyuzi za neva, bado ni kidogo na aina ya T1 haitenganishi tabaka vizuri. Ipigwe karibu na siku ya EEG, maana kichwa kilichobanwa wakati wa kuzaliwa hubadilika umbo ndani ya siku chache. Mtoto aliyeshiba na kuviringishwa vizuri mara nyingi hulala bila dawa. CT (picha za slaisi kwa eksirei) hatuiombi, kwa sababu ya mionzi.

Elektrodi ziwe 32 au zaidi. Kwa 8 hatupokei kazi. Pigeni picha za kichwa pande zote, shina la pua na masikio yaonekane. Jeli iwe kidogo: kichwa ni kidogo, na jeli ikitambaa huunganisha elektrodi mbili zikasoma kitu kimoja.

Upitishaji wa fuvu la kichanga hauna thamani moja iliyokubalika, kwa hiyo tunarudia hesabu kwa thamani kadhaa. Chanzo kikihama zaidi ya sentimita 1 kati ya thamani hizo, ripoti huonyesha eneo zima badala ya nukta.