Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na kesi za watoto

Wanachama wenzangu, asalam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Hesabu za pesa mweka hazina ashazituma kwa grupu, mzipitie, mimi leo naongelea kazi yenyewe.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimeenda kwa jambo moja, kumuwahi mtoto aliyeshikwa kwa kosa kabla hajafikishwa Tononoka, korti ya watoto hapa Mombasa. Manake sheria tunayo, tena nzuri. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 ilitoa umri wa kushtakiwa kwa miaka 8 ikaupandisha mpaka 12, na mwenye 12 au 13 anachukuliwa hajajua baya na zuri mpaka ithibitishwe vingine. Ikaruhusu pia mtoto akikubali kosa bila kulazimishwa kesi itolewe kortini, watu wakae kitako waelewane. Katiba nayo, kifungu cha 53, inasema kumfungia mtoto ni hatua ya mwisho kabisa na asichanganywe na watu wazima. Lakini hayo yote yanabaki makaratasi kama hakuna mtu wa kwao aliyefika, mtoto amekaa mbele ya afisa hana mama, hana mjomba, hana hata mzee wa mtaa wa kusema huyu namjua kwao, sasa ataachiliwa aende na nani? Ndo hapo remandi inaanza, mtoto anafungiwa akingoja kesi.

Nitawapa kisa kimoja tu. Kijana wa miaka 13 alichukua simu ya mama anayeuza viazi karai. Tulikaa uani kwao, afisa wa watoto yuko, mzee wa nyumba kumi yuko, bibi yake, na yule mama mwenyewe. Mama aliongea kwanza, akasema ile simu ndo ilikuwa na namba za wateja wake na pesa za mafuta ya kesho, hakupiga kelele, alikuwa anafuta tu mikono kwa leso. Kijana alianza kuangalia chini wakati huo, sio alipotishiwa polisi. Mjomba akakubali kulipa simu, kijana akakubali arudi shule na Jumamosi amtekee mama maji, na bibi akasema yeye mwenyewe atahakikisha. Mpaka leo yule mama akimkosa Jumamosi anaulizia ako wapi, na mimi naona huo ulinzi hakuna askari anaweza kuutoa.

Wenzetu wa New Zealand waliweka vikao vya familia kwa sheria tangu 1989, baada ya Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, kulalamika watoto wao wanaamuliwa na watu baki. Sisi baraza tunazo tangu zamani, kinachokosekana ni watu kuja. Na nasema wazi, wanaokosekana zaidi ni wababa. Kikao baada ya kikao ni mama, bibi, shangazi, baba anatuma salamu yuko kazini, na mtoto anaona.

Kuna kituo kimoja cha polisi kilimlaza kijana wikendi nzima pamoja na watu wazima, na hilo Katiba imelikataza. Tumeandika barua, bado tunafuatilia na hatutaiacha.

Najua pia wapo majirani wanasema tunalea wezi, hasa baada ya haya mambo ya vijana wa panga wanaovamia watu. Waliokatwa wana haki ya kuwa na uchungu, na kesi nzito kama hizo zinaenda kortini, sisi hatuzigusi. Lakini huyo wa panga alianza kwa simu na hakuna aliyemuita uani.

Kwa mwaka ujao naomba mambo mawili myajadili. Kila mtaa utoe baba mmoja wa kupigiwa simu usiku mtoto akishikwa, na tutenge nauli ya wazazi wa kutoka Likoni wanaokosa tarehe za korti kwa sababu ya matatu tu. Majina mpeni katibu kabla ya mkutano mkuu.