Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi: Ndege wa Karatasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi ya shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Kwa niaba ya klabu ya sanaa tunakukaribisha mezani kwetu umwone mdiria, yule mdogo mwenye mgongo wa buluu na tumbo la rangi ya kutu anayevua kwenye matete. Ndege halisi ana urefu wa takriban sentimita 13. Wetu ni mara mbili yake, kwa sababu manyoya madogo kuliko hayo hayakatiki vizuri kwa mkono.

Mheshimiwa, watazamaji wengi husifu rangi. Sisi tunaanza na nyuzi. Kila karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja. Ukiipinda taratibu bila kuivunja, upande inakotii ndiko nyuzi ziliko sambamba na mpindo. Unyoya hukatwa ukifuata nyuzi hizo kutoka shina hadi ncha. Ukikatwa kinyume, mstari wa katikati hupasuka badala ya kukunjika, na ndege mzima huonekana amechakaa kabla hajamalizika.

Kiini cha mwili ni gazeti lililofinyangwa likafungwa kwa utepe wa karatasi, juu ya waya wa milimita 1 unaoshuka kuwa miguu. Vidole vitatu hutazama mbele na kimoja nyuma, na viwili vya mbele, cha nje na cha kati, huunganishwa sehemu kubwa, kama alivyo mdiria mwenyewe. Wengi huvitenganisha vidole hivyo, nasi tunawarekebisha kila mara.

Unyoya wa mwili una urefu wa sentimita 2.5 na upana wa sentimita 1.2. Tunachora mstari wa katikati kwa kalamu iliyokwisha wino, tunaukunja, kisha tunachanja kingo kwa mshazari, nafasi ya milimita 1 hadi 2, tukiacha milimita 2 bila kuguswa kando ya mstari. Mkasi ukivuka hapo, unyoya huning'inia. Mwisho tunausugua kwa mgongo wa kijiko ili ubinuke.

Ubandikaji huanza mkiani kwenda kichwani, kama vigae vya paa vinavyoanza chini. Gundi nyeupe nzito hupakwa kwa kijiti cha meno kwenye theluthi ya shina tu. Gundi iliyozimuliwa kwa maji huvimbisha nyuzi, na unyoya hujikunja hovyo ukikauka. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi kupatikana, lakini huita mende na kuota ukungu wakati wa masika, kwa hiyo tumeiacha kabisa.

Mdomo ni vipande viwili vyekundu, cha juu na cha chini, kila kimoja kikikunjwa katikati kwa urefu. Koo ni jeupe, na doa jeupe huwekwa ubavuni mwa shingo. Bila doa hilo si mdiria huyu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tatizo letu kubwa ni karatasi yenyewe. Manila nyingi tunazopata zimepakwa rangi upande mmoja, hivyo kila mchanjo huonyesha ukingo mweupe, na mdiria mwenye michanjo mamia hufifia hadi kuwa kijivu. Tunahitaji karatasi ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba, iliyopenywa na rangi hadi ndani, katika buluu tatu na rangi ya kutu mbili. Tunaomba pia visu vyenye wembe wa kubadilishwa na mikeka ya kukatia. Wembe butu huburuza nyuzi, na mkataji hulazimika kukandamiza. Hapo ndipo vidole hukatwa.

Ombi la tatu ni kabati la kioo, liwekwe ukuta usiopigwa na jua, maana buluu hupauka mapema likimwangaza kila siku.

Tunaomba kuwasilisha.