Shukrani kwa daktari wa meno wa mwanangu

Daktari, jina lako silitaji, ila shukrani zangu nazitoa hadharani. Mwanangu ana usonji, na wewe hukumlazimisha kufungua kinywa. Ulizima taa kali, ukamwacha ashike kile kioo kidogo kwanza, kisha ukauliza anakula nini na anatumia dawa gani. Ndipo ukatueleza kuwa risperidoni anayotumia, dawa ya kutuliza hasira na fujo, huweza kuongeza hamu ya kula na uzito. Maneno hayo yalitutua mzigo, maana lawama kuhusu unene wake tulizisikia nyingi. Ukashauri tumtuze kwa stika badala ya peremende. Kumbe kilichomkera ni povu na ukali wa dawa ya meno! Uliyotuchagulia haina povu wala ladha, na floraidi, madini ya kulinda meno yasioze, imo. Sasa anakubali mswaki. Mungu akubariki sana.