Shaibu, nisaidie hesabu za zabibu kabla ya mkutano

Nkuhungu, Dodoma

Ndugu yangu Shaibu,

Mbukwa! Habari za Dar, shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, vumbi na upepo ni vilevile. Mama Tuli anakusalimu, na anasema lile deni la karanga analikumbuka. Tumenyamaziana muda mrefu, mengine tutaongea ukija. Leo nina jambo moja linaloninyima usingizi.

Unakijua kile chama cha wakulima wa zabibu. Wamenikabidhi mfumo wao, umeandikwa kwa lugha ya PHP juu ya Laravel (kiunzi cha kutengenezea mifumo) na fundi aliyekuwapo kabla yangu. Juzi mama mmoja wa Mpunguzi alikuja ofisini na stakabadhi zake kwenye mfuko wa rambo. Ripoti inasema amelipwa 450,000 na kwamba chama kinamdai 30,000. Stakabadhi zake ni mbili tu: 100,000 na 50,000. Karani akamjibu kwamba kompyuta haikosei. Shaibu, iliniuma. Mtu amepogoa, amepalilia, amebeba makreti juani, halafu anaonekana amekula pesa za wenzake!

Nikaifungua ile ripoti. Unajua Eloquent, sehemu ya Laravel inayozungumza na kanzidata, inavyovutia: unaunga tu, join (ya kuunganisha majedwali) hapa, where (ya kuchuja) pale, inasomeka vizuri kabisa. Nikaweka toSql() mwisho wa mnyororo nione SQL yenyewe, yaani amri inayokwenda kwenye kanzidata, na ugonjwa ukaonekana. Inaanza na jedwali la wakulima, inaunganisha mizigo, inaunganisha na malipo, kisha inajumlisha vyote kwa mkupuo. Yule mama alileta mizigo mitatu, kilo 120, 80 na 100. Malipo ni mawili. Kanzidata ikakutanisha kila mzigo na kila malipo, ikatoa mistari sita. Kilo 300 zikawa 600, na 150,000 ikawa 450,000. Kwa bei yao ya shilingi 700 kwa kilo, ripoti ikachukua 420,000 ikatoa 450,000. Ukweli ni 210,000 toa 150,000: chama ndicho kinachodaiwa, na ni 60,000!

Mkulima mwenye mzigo mmoja na malipo mamoja anatoka sawasawa, ndiyo maana msimu mzima hakuna aliyeshtuka. Wanaoumia ni wale wanaoleta kidogo kidogo, na hao ndio wengi.

Kijana wa pale ofisini alisema tuweke DISTINCT (ya kuondoa namba zinazojirudia) ndani ya SUM (ya kujumlisha). Nimemkatalia. Mtu akileta kilo 80 leo na 80 kesho, mzigo mmoja utamezwa.

Nilichofanya ni kuondoa zile join na kuandika withSum('mizigo', 'kilo') na withSum('malipo', 'kiasi'). Kila jumla inakuwa swali dogo la peke yake kwa kanzidata, hazigusani. Kwa kuwa zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nimeweka pia sharti la msimu ndani ya kila moja. Likiwekwa kwenye mizigo tu, malipo ya msimu uliopita yanaingia na tunarudi kulekule. Na asiyelipwa kabisa jumla yake inakuja NULL (yaani hakuna thamani), si sifuri, kwa hiyo COALESCE ya kuigeuza kuwa sifuri ni lazima, la sivyo hao hasa ndio watakaopotea kwenye orodha ya madeni.

Nimekwama kwenye kuchuja. Nataka wakulima wenye salio tu, lakini where hailitambui jina la jumla iliyotengenezwa palepale, na having (ya kuchuja baada ya kujumlisha) ambayo kanzidata ya MySQL ingeikubali, PostgreSQL yetu inaikataa. (Kuna ripoti nyingine pia yenye orWhere (sharti la "au") isiyo na mabano, inaleta watu wa Hombolo kwenye orodha ya Mpunguzi. Hiyo nimeshaifunga kwa where yenye function ndani, isikusumbue.)

Mkutano mkuu uko karibu, na malipo yatafuata ripoti hii. Sitaki yule mama asimame mbele za watu kujitetea kwa kosa la mashine.

Sasa niambie: swali zima la kanzidata nilifunge kwa fromSub (liwe kama jedwali la ndani) na kuchuja kwa nje, au nitengeneze view (swali lililohifadhiwa linalosomwa kama jedwali) kwenye kanzidata na kuipa modeli yake? Ukitumia fromSub, with (ya kuleta rekodi zinazohusiana) bado inakuletea mizigo ya kila mkulima bila shida? Wewe uliyezoea Doctrine, mwenzake Eloquent, jumla mbili kama hizi unaziandika kwa DQL, lugha yake ya maswali, au unaenda moja kwa moja kwenye SQL? Na majaribio yake unayapangaje, mkulima wa mizigo mitatu na malipo mawili anatosha, au niongeze na asiye na kitu? Je, unaweza kupanda SGR Ijumaa tukae nayo Jumamosi nzima? Chumba kipo. Kama huwezi, nijibu hilo la fromSub kwanza, hata kwa sauti ya WhatsApp.

Wako,
Yona