Barua kwa mwanangu aliye Mtwara

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Mama yako anakusalimu, yuko kwenye cherehani tangu alfajiri.

Nimesoma ujumbe wako kwamba simu imekupimia Mtwara hadi Kigoma kilomita 1,300, saa mbili na kidogo kwa ndege, kwa hiyo utaondoka Ijumaa asubuhi uwahi hina ya dada yako jioni. Nakuomba usifanye hivyo.

Kipimo chenyewe ni sahihi. Nimeitandaza ramani yangu ya darasani, nikavuta uzi toka uwanja wenu hadi wetu, nikapata hizohizo 1,300. Uzi unapita kusini kidogo ya Iringa. Ila hakuna ndege ya abiria inayoufuata uzi huo, maana watu wa Mtwara wanaokuja Kigoma hawajazi ndege. Lazima upite Dar es Salaam: kilomita 400 kwenda kaskazini, saa moja hivi, halafu 1,070 na ushei kuja magharibi, kama saa mbili kwa ndege ya pangaboi. Jumlisha uone. Umezunguka kilomita 170 tu zaidi ya uzi wangu. Kwa hiyo kinachokula siku ni kungoja, wala si umbali.

Unakumbuka nilipokuja kukuona mara ya kwanza? Nilikata tiketi mbili, kampuni mbili. Ndege ya kutoka huku ilichelewa saa tatu, na ile ya Mtwara haikuwa na habari nami. Nililala kwenye kiti, pesa ya tiketi ikapotea, na wewe ulikuwa umeshapika. Siku ile iliniuma sana. Basi kata tiketi moja ya safari nzima. Ya kwanza ikichelewa, wao ndio wenye jukumu la kukutafutia nyingine. Na uondoke Alhamisi, ulale kwa shangazi yako Dar. Dada yako ameshaniuliza mara nne kama utakuwepo.

Mama yako anasema ulete korosho. Migebuka ya kurudi nayo tutakukaushia.

Jambo jingine la ramani, kwa kuwa nimeshaikunjua. Kati yako na mimi kuna digrii kumi na nusu za longitudo, na jua hutumia dakika 4 kuvuka kila digrii. Saa zetu za ukutani ni moja, lakini jua linakuacha wewe takriban dakika 40 kabla ya kuniacha mimi. Ndiyo maana ukinipigia baada ya kuswali magharibi unanikuta bado nimekaa ziwani, jua halijashuka nyuma ya milima ya Kongo. Usiache kunipigia saa hiyo.

Baba yako