Risala ya Kikundi cha Wanafunzi wa Ukuzaji Tishu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuja kuona kazi zetu za kukuza miche ndani ya chupa kutokana na vipande vidogo vya mmea. Ile chupa ya mwisho pale mezani, yenye manyoya ya kijani, hatukusahau kuiondoa. Tumeiweka makusudi. Ndani yake kulikuwa na viinitete (mimea michanga iliyomo ndani ya mbegu) vya msonobari tulivyovitoa kwenye mbegu kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Mwenzetu mmoja akazidiwa na joto, akawasha feni vifuniko vikiwa wazi. Siku ya tatu tuliona doa jeupe pembeni mwa agari, ile jeli ya lishe tunayooteshea. Wiki ilipokwisha, ukungu ulikuwa umemeza kila kitu.

Hata hivyo, mgeni rasmi, ukoo huohuo wa kuvu ndio unaotupatia dawa tunazotumia, yaani homoni zinazoongoza ukuaji wa mimea.

Wakulima wa mpunga huko Japani walijua ugonjwa walioupa jina la bakanae, yaani mche mpumbavu: mche hurefuka haraka kupita wenzake, hupauka na kuanguka. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan, aliotesha kuvu wa ugonjwa huo kwenye maji ya lishe, akawachuja wote, kisha akayatumia maji yaliyobaki kwenye miche mizima. Nayo ikarefuka vilevile. Kumbe kilichofanya kazi ni kitu ambacho kuvu alikiacha majini. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta alikiita jiberelini. Mpaka leo jiberelini ya viwandani hutokana na kuvu huyohuyo kuchachushwa kwenye matangi. Kwa misonobari, aina za jiberelini ziitwazo A4 na A7 hutumika kuharakisha utoaji wa koni, yaani matunda yake yenye mbegu, ili mbegu zisisubiriwe miaka mingi.

Kwenye chupa zetu, homoni inayotushughulisha zaidi ni asidi ya abisisiki. Mwaka 1985 watafiti walifanikiwa kupata viinitete vya mti wa spruzi wa Ulaya, jamaa wa msonobari, kutokana na tishu, bila uchavushaji mpya. Tishu hiyo huongezeka ikiwa kwenye auksini na sitokinini, homoni nyingine mbili za mimea, lakini ikiachwa humo hubaki kuwa rojo jeupe lenye nyuzinyuzi. Ikihamishiwa kwenye asidi ya abisisiki, viinitete hukomaa: hujaza akiba ya mafuta na protini, na huzuiwa kuchipua kabla ya wakati. Nani huitengeneza asidi hiyo kwa wingi? Ni Botrytis cinerea, ukungu wa kijivu unaoozesha zabibu na stroberi.

Kuna pia kuvu wanaoishi na mizizi ya misonobari porini, na baadhi yao hutoa auksini. Katika majaribio, vichipukizi vya msonobari vilivyowekwa chupa moja na kuvu wa aina hii vilitoa mizizi vizuri zaidi. Sisi hatujathubutu. Baada ya kupigana na ukungu muhula mzima, kumkaribisha mwingine kwa hiari kunahitaji moyo!

Faida ya kazi hii ni kubwa. Vipandikizi vya msonobari uliozeeka hutoa mizizi kwa shida mno. Tishu changa, kwa upande wake, huweza kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, huku miche iliyotokana na tishu hiyohiyo ikijaribiwa shambani kwa miaka. Ukishajua ulio bora, unarudi kuitoa tishu yake ikiwa bado changa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni kabati la hewa safi, kwani sasa tunafanyia kazi ndani ya boksi la kioo lenye matundu mawili ya mikono. La pili ni mtungi mkubwa wa mvuke wa kuua vijidudu. Tulio nao unabeba chupa sita tu kwa mkupuo.

Feni tumekwisha kuing'oa sisi wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.