Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "bure" yetu ina bei

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi nauza dagaa hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Nina daftari la shule ambalo nilinunua karibu na kituo cha afya, maana huku mgonjwa huja na daftari lake la kuandikiwa. Ukurasa wa kwanza ni wa mjukuu wangu: malaria, dawa anunue nje. Wa pili ni wa mama yangu, vidonge vya presha: nje. Wa tatu, damu ikapimwe nje. Nesi simlaumu. Siku hiyo aliandika kwa kalamu aliyoazima kwangu, na foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe.

Mwaka 2001 serikali ilifuta malipo katika vituo vyake, tukashangilia. Tangu hapo dirishani siombwi kitu, natumwa duka la dawa. Na hospitali kubwa za serikali zikabaki na wodi za kulipia. Mwaka huohuo, kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Sisi bado hatujaifikia.

Sasa tunasikia habari za bima ya afya ya taifa. Bunge liliupitisha mswada wake tarehe 31 Machi 2021, rais hakuutia saini. Mswada huo ukirudi, tafadhali anza na sisi tusio na mshahara. Mwalimu atakatwa kabla hajaziona pesa. Mimi nani atanikata? Mvua ikinyesha wiki nzima dagaa hawakauki, nakula mtaji. Ukituwekea mchango wa kiwango kimoja, mimi na yule mwenye maduka matatu ya jumla tutalipa sawa, na hiyo mnaiita usawa? Asiyejiweza alipiwe na hazina, mwenye nacho aongeze.

Tena kadi ya bima nitaipeleka wapi, kabatini kukiwa na panadol peke yake?

Kabla ya sheria kuna jambo lisilohitaji Bunge. Bohari ya Taifa ya Dawa ikileta mzigo wake wa kila miezi miwili, orodha ibandikwe mlangoni siku hiyohiyo: dawa gani, makopo mangapi, kwa lugha tunazosoma. Tutahesabu wenyewe.

Ukipata nafasi, njoo Jumatatu asubuhi bila msafara. Daftari utalipata dukani, ng'ambo ya barabara.

Ni mimi,
Muuza dagaa, Busia